Kifundo cha mkono kikingwe kwanza, mbwembwe za skeiti zifuate

Mhariri,

Shule zikifungwa, wazazi wengi jijini Nairobi huwapeleka watoto kuteleza kwa skeiti, iwe katika kumbi za kulipia au pale Sunken Car Park, maegesho ya magari katikati ya jiji, wikendi. Mtoto hukabidhiwa viatu vya magurudumu, hufungwa kamba, husukumwa uwanjani. Akibahatika hupewa helmeti. Vifundo vya mikono hubaki wazi, na ndivyo huumia zaidi.

Ombi letu kwa wanaokodisha ni hili: kinga za vifundo ziwe ndani ya bei ya skeiti, zisitozwe kando, na asiyezivaa asipewe viatu.

Mtu anapoanguka mbele, hunyoosha mikono bila kufikiri. Kiganja hugota sakafu na kukwama papo hapo, huku uzito wote wa mwili ukiendelea kushuka. Mfupa wa rediasi, ule wa upande wa kidole gumba, huvunjika sentimita chache tu kutoka kwenye kifundo. Kinga nzuri ina bamba la plastiki ngumu kiganjani. Likigusa sakafu huteleza, hivyo nguvu ya mwanguko hutawanyika na kifundo hakikunjwi kupita kiasi. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa majeruhi wa skeiti za mstari mmoja (magurudumu yakifuatana) nchini Marekani. Uwezekano wa wasiovaa kinga kuumia kifundo ulikuwa takriban mara 10 ukilinganisha na wa waliovaa.

Kinga hizo huvaliwa kinyume mara nyingi ajabu. Bamba lililobinuka likae kiganjani, si mgongoni mwa mkono. Mikanda ikazwe hadi kinga isizunguke ukiishika na kuipinda, lakini vidole visife ganzi. Helmeti nayo ishuke hadi upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Ikikaa kisogoni, paji la uso liko wazi na mvaaji amejibebesha mzigo wa bure.

Kabla ya hatua ya kwanza, mtoto afundishwe kuanguka. Akihisi anapepesuka, akunje magoti na ashuke chini. Asijinyooshe wala asimdake jirani, maana wataanguka wawili. Aangukie upande mmoja mbele, kinga ya goti itangulie, kisha kiwiko, kisha viganja. Akishatulia akunje ngumi, kwa sababu vidole vilivyotandazwa sakafuni hukanyagwa na magurudumu ya wanaokuja nyuma. Akielekea kuanguka chali, achuchumae, kidevu kifuani, na akalie tako moja. Kukaa wima moja kwa moja huumiza kifandugu, na maumivu yake hudumu majuma. Kuinuka ni kupiga magoti, kusimamisha mguu mmoja, kuweka mikono yote miwili juu ya goti hilo na kusukuma. Visigino vikaribiane, vidole vielekee nje, la sivyo magurudumu yataondoka na mwenyewe.

Sasa viatu. Kuna skeiti za jozi, zenye magurudumu mawili mbele na mawili nyuma, na kuna za mstari mmoja. Za jozi humpa anayeanza msingi mpana na zinafaa kucheza muziki. Za mstari huenda kasi na huvuka nyufa kwa urahisi zaidi, ila humtaka mtu awe na vifundo vya miguu imara. Skeiti za jozi hugeuka kwa kuinamisha mguu, ufundi uliosajiliwa na James Plimpton wa New York mwaka 1863: ekseli, chuma kinachobeba magurudumu, hukaa juu ya vipira vinavyobonyea upande ule mguu unakoinamia. Vipira hivyo vikizeeka na kupasuka, au bolti inayovibana ikilegea, skeiti huyumba yenyewe na mtoto hudhani kosa ni lake.

Ukaguzi wa skeiti ya kukodi hauchukui dakika moja. Igeuze, zungusha kila gurudumu kwa kidole. Likisimama upesi, nati imekazwa mno au beringi, ile pete ya gololi ndani ya gurudumu, imejaa mchanga. Likitoa mkwaruzo, huenda ni mchanga. Kisha lishike na ulitikise. Kuchezacheza kidogo kunakubalika, lakini likiyumba wazi, nati inalegea. Nati nyingi za ekseli hukazwa kwa spana namba 13: kaza hadi gurudumu ligome, halafu rudisha kidogo, kama robo ya mzunguko. Nati inayozunguka kwa vidole vitupu imekwisha, kwa kuwa ile pete ya nailoni ndani yake imelika. Hiyo hutupwa. Ukiikaza tena italegea tena, na gurudumu litachomoka katikati ya kona. Kagua pia raba ya breki: ya mbele kwenye skeiti za jozi isizunguke mkononi, ya kisigino kwenye skeiti za mstari isiwe imelika hadi kwenye bolti.

Beringi zinazotumika sana ni za aina ya 608, mbili kwa kila gurudumu, yaani 16 kwa skeiti mbili zenye magurudumu 8. Baadhi ya wakodishaji huosha skeiti kwa maji na sabuni bila kuchomoa beringi, na kutu huanza mara moja. Zichomolewe, zisafishwe kwa mafuta ya taa, zikaushwe kabisa, kisha zitiwe tone moja au mawili ya oili ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda na kunasa vumbi.

Ugumu wa gurudumu huandikwa ubavuni kwa namba na herufi A. Lenye 78A ni laini, la barabarani. Kuanzia 88A hadi 101A ni magumu, ya sakafu tambarare ya ukumbini. Kumbi nyingi za Marekani zina sakafu ya mbao ngumu za mti uitwao maple. Zetu aghalabu ni saruji iliyosuguliwa, tarazo au lami. Gurudumu gumu juu ya saruji yenye vumbi halishiki, hivyo ukumbi ufagiliwe kabla ya kila kundi kuingia, na tone la soda au maji lipanguswe palepale. Gurudumu laini nalo katika ukumbi husumbua kwa namna yake, maana hung'ang'ania sakafu mtoto anapojaribu kusimama kwa kuburuza mguu.

Kipimo cha kiatu ni hiki: ukisimama wima vidole viguse ncha kidogo, ukikunja magoti virudi nyuma. Wazazi, msichukue saizi mbili juu. Kisigino kikicheza, kifundo cha mguu hupinda hata kama kiatu kimekazwa. Kamba zilegee kidogo vidoleni, zikazwe kifundoni, na miisho yake ichomekwe ndani. Kamba inayoburuzika ikikanyagwa na gurudumu hulifunga ghafla, na anayeteleza huruka mbele.

Kusimama kuna njia tatu za kujua kabla ya kujaribu mtindo wowote. Ya kwanza: panua miguu kupita mabega, kunja magoti, elekeza vidole ndani na usukume visigino nje. Vidole visikutane. Ya pili ni breki ya T, ambapo mguu wa nyuma huwekwa kimshazari nyuma ya ule wa mbele na magurudumu yake yote huburuzwa. Hapa ndipo wengi hukosea. Hukanyaga mguu wa nyuma kwa nguvu, na papo hapo huzungushwa. Uzito ubaki mguu wa mbele uliokunjwa goti, wa nyuma uguse tu na kuongezewa shinikizo polepole. Ya tatu ni raba. Kwenye skeiti za jozi raba huburuzwa kwa mguu ulio nyuma. Kusimamia raba zote mbili ukiwa mbioni ni kujirusha. Kwenye skeiti za mstari, mguu wenye breki hutangulizwa, vidole huinuliwa, na mtu hujikalia kama anayetafuta kiti.

Mitindo ni mingi. Chicago ina mtindo wake uitwao JB, uliokulia kwenye muziki wa James Brown, wa hatua za haraka zinazokatizana kwenye mdundo. Kuna skeiti ya sanaa yenye miruko na mizunguko, kuna mbio, na kuna kupita katikati ya koni zilizopangwa kwa nafasi ya sentimita 50, 80 au 120. Anayeanza koni aanze na 120, na ukumbi umtengee kona yake. Kwa kuwa kumbi nyingi huzungukwa kinyume na mwendo wa saa, vijana hujua kukatiza miguu kwenda kushoto tu. Kulia hushindwa kabisa. Mazoezi ya upande wa pili yafanywe ukumbi ukiwa na watu wachache. Kurudi nyuma ni mtindo unaopendwa kwenye video na unaogonga watoto wengi: anayerudi nyuma atazame juu ya bega wakati wote, na ukumbi ukijaa aache.

Ukumbini wote waelekee upande mmoja, madaha na mizunguko ikae katikati, anayeingia asubiri nafasi. Aliyeanguka apitwe nyuma yake, kwa sababu ataamka akielekea mbele. Minyororo ya watoto watano walioshikana mikono ipigwe marufuku. Wa mwisho hurushwa ukutani kila mara. Simu zibaki mfukoni, au nje kabisa.

Vijana wanaoshikilia matatu barabarani si suala la kinga. Dereva hawaoni, na akifunga breki hakuna breki ya skeiti itakayowahi.

Mtoto akianguka na kifundo kikauma, usikinyooshe na usikubali kichuliwe. Vua pete na bangili kabla ya uvimbe. Laza mkono juu ya kipande cha katoni kinachofika kiwikoni, ufunge, uuning'inize kwa leso shingoni, uweke barafu iliyozungushiwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20. Kisha bonyeza taratibu shimo dogo lililo chini ya kidole gumba, upande wa mgongo wa mkono. Likiuma, apigwe eksirei hata kama hakuna uvimbe. Hapo pana mfupa mdogo wa skafoidi, ambao ufa wake unaweza usionekane kwenye picha ya siku ya kwanza. Daktari akiagiza picha ya pili baada ya siku 10 hadi 14, mrudisheni.

Wakufunzi wa skeiti,
Nairobi