Kwa nini tunafuta "tafadhali" kwenye mwongozo wako

Juzi mteja alirudi na mwongozo wa pampu ya maji, uso umemkunjamana. Alituletea rasimu ya kurasa 31 tuiandike upya, tukamkabidhi 18, na kila "tafadhali" aliyoiandika imeondoka. Malalamiko yake yalikuwa mawili: tunawafokea wateja wake, tena tumemtoza bei kamili kwa kazi iliyopungua. Si wa kwanza kusema hivyo, basi tujieleze.

Kwenye barua, "tafadhali" ni adabu. Kwenye hatua ya 7, msomaji kapiga magoti, mkono mmoja una spana na mwingine unafunua ukurasa, neno hilo linamchelewesha. Baya zaidi, linageuza agizo kuwa ombi. "Tafadhali zima umeme." Asipopenda je? Sisi tunaandika "Zima umeme", basi. Wengine huona "Umeme uzimwe" ndiyo lugha ya heshima. Uzimwe na nani? Tuliwahi kujaribisha mwongozo kwa watu wawili, sentensi ikasema "vali ifungwe", kila mmoja akamtazama mwenzake, maji yakaendelea kumwagika.

Neno linalotukera kuliko yote ni "tu". "Bonyeza tu kitufe." Mtu akibonyeza na mashine isiwake, umeshamwambia kwamba mjinga ni yeye.

Ukali una mahali pake, na una madaraja. Katika ANSI Z535, viwango vya Marekani vya alama za usalama, neno HATARI ni kwa jambo ambalo lisipoepukwa litaua au litajeruhi vibaya; ONYO, linaweza kufanya hivyo; TAHADHARI, linaweza kuleta jeraha dogo au la wastani. Kifaa kuharibika bila mtu kuumia ni ILANI. Rasimu ya pampu ilikuwa na HATARI 14, mojawapo ikihusu vumbi kwenye chujio. Ile ya kweli haikuwa na alama yoyote: hatua ya 9 ilisema "fungua kifuniko cha mota", ya 10 ikasema "kabla ya kufungua, hakikisha umeme umezimwa".

Halafu kuna wale wanaopitisha mwongozo wa kigeni kwenye programu ya kutafsiri, kisha wanatuomba "tuupitie macho". Kupitia macho huko hula siku nyingi kuliko kuandika upya. Mmoja alikuwa na "vali" ukurasa wa 3, "koki" wa 5, "kizibo" wa 9. Ilibidi tuiombe mashine yenyewe na kuifungua ndipo tujue kwamba ni kitu kilekile. Naye alikuwa ameshachapisha nakala zote. Alilipa mchapaji mara mbili na sisi mara moja, na bado aliona ghali ni sisi.

Hatuhesabu kurasa. Bei yetu ni ya kumkalisha mtu asiyewahi kuigusa mashine, mwongozo mkononi, nasi nyuma yake kimya na daftari, tukiandika kila anaposita. Kisha tunarekebisha na kumleta mwingine.

Mwenye pampu tulimwita aje aone, tukatumia rasimu yake ya zamani. Mjaribu alipofika hatua ya 9 alichukua bisibisi na kuanza kulegeza kifuniko, plagi ingali ukutani. (Umeme tulishaukata kwenye swichi kuu, usihofu.) Mteja aliinuka kwenye kiti kabla hatujasema neno.

Ameomba "tafadhali" moja ibaki, kwenye salamu za ukurasa wa kwanza. Tumemwachia.