Hatari ya nyoka ipimwe kwa mwendo wa kuifikia dawa

Ndugu Mhariri,

Orodha za reptilia hatari kuliko wote duniani huchapishwa mara kwa mara, na karibu zote zinafanana. Juu anawekwa nyoka taipan wa Australia, chini yake joka wa Komodo, mamba wa maji chumvi na koboko, pamoja na picha za vinywa vilivyoachama. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini orodha hizo zinampoteza msomaji wa Bukavu au wa bonde la Ruzizi, hapa Kongo mashariki, na tuandike yale ambayo angefaa kuyasoma.

Taipan anaongoza kwa sababu sumu hupimwa kwa panya wa maabara, na yake inaua kwa kiasi kidogo mno. Lakini anaishi katika nyanda kavu zisizo na watu, hukimbia akisikia kishindo, na Australia ina dawa ya sumu yake. Joka wa Komodo yuko katika visiwa vichache vya Indonesia tu. Mamba wa maji chumvi ni mnyama wa kutisha kweli: Lolong, aliyekamatwa Ufilipino mwaka 2011, alikuwa na urefu wa mita 6.17. Hata hivyo hakuna mama wa Kamanyola atakayekutana naye akienda kuteka maji.

Tazama sasa India. Kati ya mwaka 2000 na 2019 watafiti walikadiria vifo 58,000 kwa mwaka kutokana na nyoka, na wauaji ni nyoka wa mashamba ya mpunga na nyumba za udongo. Kwa dunia nzima Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria vifo 81,000 hadi 138,000 kila mwaka, na wanaobaki na kilema au kukatwa kiungo ni kama mara tatu ya hao. Nyoka anaua sana pale anapokaa mahali mtu anapofanya kazi, mtu akiwa bila kiatu wala tochi, na dawa ikiwa mbali. Hayo matatu yote tunayo hapa.

Kwetu wa kwanza kuogopwa ni moma, ambaye wengine humwita kifutu au piri. Ana urefu wa kama mita moja, mnene kama mkono wa mtu mzima, mwenye alama za kahawia mgongoni kama herufi V zilizopangwa. Hatari yake iko katika uvivu wake: nyoka wengine huondoka wakisikia hatua zako, yeye hulala palepale kwenye njia ya vumbi au majani makavu, akitumaini hutamwona. Ukimkanyaga anauma kifundo cha mguu. Uvimbe unapanda, malengelenge yanatoka, nyama inaweza kuoza, na maji ya mwili yanahamia kwenye uvimbe hadi shinikizo la damu linaanguka. Kifo kinaweza kuja baada ya siku nzima au zaidi, na ndiyo sababu familia hudanganyika saa za kwanza: mtu anaongea, anakunywa uji, wanasema amepona.

Swila wa msituni, anayefika mita mbili na zaidi, anaishi hata karibu na miji, kwenye migomba na kando ya mito. Sumu yake inashika mishipa ya fahamu. Kope zinaanza kulegea kama za mtu mwenye usingizi, sauti inakuwa nzito, mate hayamezeki, kisha kifua kinashindwa kuvuta hewa. Swila mwenye shingo nyeusi wa nyanda za chini hutema sumu kuelekea macho, naye akiuma sumu yake huozesha nyama. Huingia nyumbani usiku akifuata panya na vifaranga, hivyo anayelala kwenye mkeka chini ndiye anayeumwa. Chandarua kilichopenyezwa vizuri chini ya mkeka pande zote kinamzuia nyoka kama kinavyozuia mbu.

Akikutemea machoni usisugue. Lala, mtu akumiminie maji safi mengi kwa dakika 15 hadi 20 huku ukifungua na kufunga jicho. Maji yakikosekana, maziwa yanafaa. Usitie maji ya majani, ndimu wala petroli. Halafu nenda sante (kituo cha afya) jicho likaangaliwe, kwa sababu kidonda kidogo kwenye kioo cha jicho kikiachwa kinaleta upofu. Dawa ya kuzuia sumu haiwekwi machoni kamwe.

Kwenye misitu kuna moma wa Gaboni, ambaye meno yake yanafika sentimita 5, marefu kuliko ya nyoka yeyote duniani, na kuna koboko wa kijani wa juu ya miti. Kwenye mafunjo na vichaka vya mabonde ya juu yuko nyoka mdogo mwenye rangi ya kijani na nyeusi, Atheris nitschei, ambaye hana dawa yake maalumu. Koboko mweusi anajulikana zaidi na wenzetu wa Katanga. Hapa kuna jambo la lugha ambalo limewahi kuchanganya watu: kwa Kifaransa mamba ni huyo koboko, kwa Kiswahili mamba ni yule wa mtoni. Ukimpeleka mgonjwa, sema wazi nyoka au mnyama wa majini.

Wawili wanadharauliwa sana. Mmoja ni nyoka mwembamba wa mitini mwenye macho makubwa, Dispholidus typus. Anayeumwa naye huweza kukaa saa nyingi bila dalili, halafu damu inaacha kuganda na kuanza kutoka kwenye fizi na mkojo. Mwaka 1957 Karl P. Schmidt wa Chicago, bingwa aliyekuwa ameandika kazi kubwa juu ya reptilia wa Kongo, aliumwa kidole gumba na mtoto wa nyoka huyo. Hakwenda kutibiwa, akafa siku iliyofuata. Mwingine ni nyoka mdogo mweusi wa ardhini, Atractaspis, anayeonekana kama mnyoo mkubwa. Meno yake hutokea pembeni mwa mdomo uliofungwa, kwa hiyo hata ukimshika nyuma ya kichwa, kama wanavyofanya vijana wa kujionyesha, anakuchoma tu.

Kuhusu mamba wa mtoni, mtoto wa Bukavu anakua akioga katika ziwa lisilo na mamba. Kivu haina mamba, na mazoea hayo ndiyo yanayomponza akishuka. Mto Ruzizi unatoka ziwani kwenye kimo cha mita 1,460, unapita magenge, kisha unatambaa kwenye bonde hadi Tanganyika. Huko chini mamba wapo. Mamba anaweza kukaa chini ya maji nusu saa na zaidi bila kuonyesha hata pua, na hujifunza: ukiteka maji mahali pamoja, saa ileile, siku tatu, siku ya nne anakungoja. Badilisha mahali na saa. Simama mbali na ukingo, uteke kwa ndoo iliyofungwa kwenye mti mrefu au kamba. Usifue ukiwa umechuchumaa majini, usioge jioni wala usiku, na usisafishie samaki pale watu wanapooga. Mahali pa kutekea pakizungushiwa nguzo nene zilizopigwa chini hadi kwenye tope, zikikaribiana, hatari inapungua sana. Jeraha la meno ya mamba, hata dogo, liende hospitali siku hiyohiyo. Mdomo wake umejaa vijidudu.

Turudi kwa nyoka, maana hapo ndipo makosa yanaua.

Mtu akiumwa, mwondoe karibu na nyoka, mlaze, umtulize. Vua pete, bangili, shanga za mguu na kiatu kabla uvimbe haujavikaza. Andika saa aliyoumwa. Funga kiungo kwenye vijiti viwili kama unavyofunga mfupa uliovunjika, kisitikisike, kwa sababu msuli unaotembea husukuma sumu. Chora mstari kwa kalamu pale uvimbe ulipofika, uandike saa, urudie kila nusu saa: daktari atasoma mistari hiyo kuliko maneno yenu yote. Kwa maumivu mpe parasetamol. Aspirini na ibuprofeni hapana, huongeza kutoka damu. Asitembee. Abebwe kwa tipoyi (machela), akilazwa ubavu wa kushoto asije akapaliwa na matapishi. Kwa pikipiki, akae katikati ya motari (mwendesha pikipiki) na mtu mwingine anayemshika kwa nyuma.

Usifunge kamba. Tunajua wengi watabisha, lakini kamba iliyokazwa juu ya jeraha la moma inaifungia sumu inayoozesha nyama mahali pamoja na kuinyima nyama damu. Mguu uliokuwa upone unakatwa. Na kama mtu amefika sante na kamba, isifunguliwe ghafla: dawa na mrija wa maji kwenye mshipa viwe tayari kwanza. Usichanje kwa wembe. Kama sumu imeanza kuzuia damu kuganda, chale kumi ndogo ni mifereji kumi. Usinyonye. Usimfukuze nyoka kumuua. Watu wawili walioumwa wanahitaji dawa mara mbili, na kichwa kilichokatwa bado kinauma kwa muda. Picha ya simu kutoka mbali inatosha.

Na jiwe jeusi linalobandikwa kwenye jeraha? Linauzwa sokoni, liko katika nyumba nyingi, na lina heshima kwa sababu liliingia kupitia misheni. Ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Linanata kwenye jeraha kwa sababu lina vitundu vinavyonyonya unyevu, basi. Sumu imeshapigwa chini ya ngozi kwa meno marefu kama sindano, haiwezi kurudi juu kulifuata jiwe. Linaonekana kuponya kwa sababu nyoka wengi hawana sumu, na hata wenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Anayeumwa kwelikweli na moma hupoteza kwa jiwe saa zile ambazo angekuwa njiani.

Kwa wauguzi wa sante ndogo, kipo kipimo kisichohitaji maabara. Tia mililita 2 za damu ya mshipa kwenye chupa mpya ya kioo, safi na kavu, uiache dakika 20 bila kuigusa, kisha uiinamishe mara moja. Ikimwagika ikiwa maji, damu haigandi na dawa inahitajika. Chupa ya plastiki, au ya kioo iliyooshwa kwa sabuni, inadanganya. Aliyelegea kope anahitaji zaidi ambu (mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono) na mikono ya kupokezana kumsukumia hewa. Wapo waliosukumiwa hewa kwa saa nyingi wakapona.

Dawa yenyewe huchanganywa na maji ya chumvi na kupitishwa kwenye mshipa, si kuchomwa kuzunguka jeraha, na adrenalini iwe imeshavutwa kwenye bomba la sindano, kwani mwili unaweza kuikataa dawa ya nyoka ghafla. Mtoto hupewa kiasi kilekile cha mtu mzima, maana nyoka hakumpimia sumu kwa kilo zake. Ampuli moja haitoshi: kwa dawa ya Afrika Kusini ya mililita 10, moma huanzia ampuli 5, koboko 10 na kuendelea. Kabla ya kununua soma karatasi ya ndani, majina ya nyoka. Dawa iliyotengenezwa kwa nyoka wa India imewahi kuuzwa Afrika, na haimsaidii aliyeumwa na nyoka wetu. Kampuni ya Sanofi iliacha kutengeneza Fav-Afrique, dawa ya sumu ya nyoka wa Afrika, mwaka 2014 na akiba ya mwisho ikapita muda mwaka 2016, kwa hiyo chupa ya Sanofi ya jina hilo ikionekana leo isipewe mtu.

Familia nazo ziulize swali moja. Hapa kwetu kila chupa ya maji inayotundikwa huitwa serumu. Wakiambiwa mgonjwa amewekewa serumu, ulizeni: ni serumu ya maji au serumu ya nyoka? Wengi wamekaa usiku mzima kando ya kitanda wakiamini dawa inaingia, kumbe ni maji ya chumvi tu.

Ombi letu kwenu, Ndugu Mhariri, ni dogo. Kila mwezi ulizeni kwenye zone za afya ni hospitali gani ina serumu ya nyoka, ampuli ngapi, na zinapita muda lini, mkachapishe hata kwa mistari minne chini ya ukurasa. Usiku ule, motari wa Luberizi aliyembeba mtu aliyeumwa awe anajua kama ashuke Uvira au apande mlima wa Ngomo kuja Bukavu.

Wauguzi wasomaji wenu,
Bukavu