Kaka, kuhusu huo usukani uliopewa

Kaka mambo vipi,

Meseji yako nimeisoma mara mbili, hongera sana, yaani nimefurahi kama vile mimi ndo nimepewa. Miaka yote hiyo umekaa nyuma na mipira ya maji, sasa unakaa mbele na gari zima la zimamoto liko mikononi mwako. Ila kuna sentensi moja umeandika imenikaa kooni tangu jana, umesema "sasa wataona tunavyofika fasta". Ndo mana nimekaa kukuandikia barua badala ya kukujibu kwa meseji, naomba uisome yote hata kama ni ndefu.

Kuna kitu sijawahi kukusimulia. Mwaka wangu wa kwanza kwenye usukani tuliitwa usiku, redio inasema nyumba inaungua na kuna mtoto ndani, basi nikakanyaga. Kufika kwenye makutano taa ni nyekundu nikaiona kabisa, lakini king'ora kinalia, vimulimuli vinawaka, na lori moja limeshasimama kunipisha, nikajiambia njia ni yangu. Sikujua kwamba nyuma ya lile lori kuna pikipiki inakuja kwenye kijani chake, yeye hanioni mana lori limenificha na mimi simwoni kwa sababu hiyohiyo. Alipotokeza nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili, gari likaburuzika hadi katikati ya makutano, pikipiki ikapita mbele ya bampa kama urefu wa mkono hivi. Mwenzetu mmoja nyuma alikua anamalizia kuvaa koti, mkanda hajafunga, akarushwa mbele akapasuka mdomo. Na huyo mtoto, tulikuta majirani wameshamtoa kitambo.

Usiku ule sikulala. Nilikua nawaza kwamba ningemgonga yule kijana kungekua na matukio mawili, moto unaendelea kule na mtu amelala barabarani hapa, gari letu haliendi popote na wenzetu wa kituo kingine inabidi wagawane. Dereva wa faya asipofika hajasaidia mtu hata kama alikua anakimbia kuliko wote.

Kwaiyo makutano kaka, makutano ndo yanaua. Taa nyekundu ikikukuta simama, simama kabisa tairi zisizunguke, hata kama sheria inakuruhusu kupita. Kisha vuka njia moja moja, yaani hii ya kwanza imesimama sawa unasogea, ya pili je, unasubiri mpaka umwone dereva wake usoni na amekuona, ndo unasogea tena. Gari lililosimama kukupisha lichukulie kama ukuta, jiulize kuna nini nyuma yake. Anaekaa pembeni yako sio abiria, ambianeni kabla hamjatoka kwamba yeye anaangalia upande wake na anakwambia kwa sauti "huku safi", usimwache na redio na ramani tu.

Na king'ora usikiamini kiasi hicho. Mtu amefunga vioo, kiyoyozi kinapuliza, muziki juu, anakusikia ukiwa umeshamfikia, na ukizidisha spidi ndo unazidi kumnyima muda wa kukusikia. Hata akisikia hajui sauti inatoka wapi, wengine wanaganda palepale katikati ya barabara, wengine wanakata ghafla upande unaotaka kupita wewe. Badilisha mlio ukikaribia makutano, watu wanashtuka zaidi mlio ukibadilika. Halafu mkitoka magari mawili ujue king'ora chako kinakuzuia kusikia cha mwenzio, na raia akishapisha gari la kwanza anaingia barabarani akidhani yamekwisha, kumbe wewe uko nyuma. Achianeni nafasi ya kutosha, na kama mnatokea pande tofauti semeni kwenye redio nani anafika wapi.

Sasa maji. Hili watu wanalichukulia poa sana. Lita moja ni kilo moja, tenki la lita 4,000 ni tani nne umebeba juu ya chasisi, na tani hizo hazitulii. Ukikata kona zinaenda upande wa nje, ukifunga breki zinakuja mbele zinakusukuma wakati wewe unataka kusimama. Ndani ya tenki kuna kuta zenye matundu za kupunguza hayo mawimbi ila haziyamalizi. Na tenki la nusu ndo baya zaidi kuliko lililojaa, mana maji yana nafasi ya kukimbia, kwaiyo mkitoka kwenye tukio ama jazeni ama mwageni yaishe, msirudi na nusu. Kona unapunguza spidi kabla hujaingia, sio ukiwa ndani yake. Na tairi likitoka nje ya lami usivute usukani ghafla kulirudisha, magari mengi mazito yanapinduka hapo hapo, wewe achia mafuta, shika usukani unyooke, spidi ishuke, ndo urudi taratibu.

Hesabu hii nilifanya mwenyewe baadae. Kilomita 3 kwa spidi ya 60 ni dakika 3. Kwa 80 ni dakika 2 na sekunde 15. Umeokoa sekunde 45, tena kama barabara ni nyeupe kabisa, na wewe unajua barabara haiwi nyeupe. Lakini spidi ikipanda mara mbili, umbali wa kufunga breki unapanda mara nne, kutoka 40 kwenda 80 ni hivyo, bado hujahesabu mvua wala tairi zilizochoka. Hizo sekunde 45 mnazipata kituoni bila kuhatarisha mtu, mavazi yakae tayari, njia muijue, upepo wa breki uwe umeshajaa.

Mikanda: gari lisisogee mpaka wote wamekaa na wamefunga, uliza, subiri wajibu mmoja mmoja. Mkubwa wako akipiga kelele "twende twende" mjibu kwa heshima kwamba bado mmoja hajafunga. Atanuna, mwache anune. Rivasi usirudi bila mtu wa kukuelekeza nyuma, na usipomwona kwenye kioo unasimama.

Halafu wakati wa kurudi kituoni, mmechoka, king'ora kimezimwa, hapo wewe ni dereva wa lori kama wengine, hakuna anaekupisha tena.

Kabla ya zamu yako ya kwanza nenda kasome kile kibati cha mlangoni, uniambie gari lako lina uzito gani likiwa limejaa maji na watu. Kisha omba mkalipeleke sehemu ya wazi ufunge breki likiwa limejaa ukiwa na 40, ushuke upime kwa hatua limesimama wapi. Nipigie jioni unitajie ni hatua ngapi, ntakua nasubiri simu.

Msalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako