Salamu za Sikukuu ya Ndugu Klaus, kutoka Uswisi

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu zangu wapendwa, nawasalimu nyote kwa sikukuu ya Mtakatifu Nikolaus wa Flüe, tarehe 25 Septemba, msimamizi wa nchi hii ya Uswisi ninakoishi. Akina Nikolaus wa ukoo wetu, msinichukie: najua somo wenu mnamsherehekea tarehe 6 Desemba, na huyo ni yule askofu wa Myra. Huyu ni mwingine. Ni mkulima, baba wa watoto kumi, hakujua kusoma wala kuandika. Wenyeji wanamwita Bruder Klaus, yaani Ndugu Klaus, kama mtu amwitavyo jirani yake.

Alifariki tarehe 21 Machi 1487, na kwingine duniani hukumbukwa siku hiyo. Huku wamempa Septemba, na mimi naona wamefanya vizuri. Machi bado baridi inauma. Sasa hivi ng'ombe wanateremshwa kutoka malisho ya milimani, wamevikwa maua kichwani, kengele kubwa kama sufuria zinaning'inia shingoni, na mji mzima unasimama kandokando ya barabara kuwatazama. Kwa mtakatifu aliyekuwa mfugaji, msimu gani mwingine ungemfaa?

Juzi nilipanda treni Luzern mpaka Sachseln, kisha basi mpaka Flüeli, kijijini kwake. Nyumba aliyozaliwa mwaka 1417 ipo, na ile aliyoishi na mkewe, Dorothea Wyss, ipo pia. Kutoka hapo unateremka kwenye korongo la mto Melchaa, mahali panapoitwa Ranft, ndipo alipoishi kama mkaapweke miaka karibu 20. Nilianza Rozari mlangoni kwa Dorothea, na sikufika tendo la tatu nikawa mlangoni kwa mumewe. Ni karibu hivyo! Nilikuwa nimejijengea picha ya mtu aliyepotelea nyikani, kumbe alikuwa bondeni, chini ya nyumba yake mwenyewe.

Hakupanga hivyo. Alikuwa mtu wa heshima: amepigana vita, amekaa barazani, amekuwa hakimu. Moyo ukakosa utulivu, na kwa muda mrefu akamwomba mkewe ruhusa. Dorothea alipokubali, Klaus akaondoka tarehe 16 Oktoba 1467, umri miaka 50, siku ya Mtakatifu Gallus, ambaye pia alikuwa mkaapweke. Kitinda mimba wao alikuwa mchanga wa miezi mitatu hivi. Nikiisimulia habari hii, akina mama huguna. Mmoja wa kwetu aliwahi kuniambia, "Angekuwa huku, angeitiwa kikao cha ukoo." Sikuwa na jibu.

Nia yake ilikuwa kwenda mbali, nje kabisa ya nchi. Lakini inasimuliwa kwamba karibu na Liestal alikutana na mkulima, akamweleza safari yake, na yule mkulima akamwambia: rudi kwa watu wako, umtumikie Mungu huko huko, ugenini sisi hatupendwi. Akarudi. Mimi niliyeondoka nyumbani mwaka wa kumi na moja sasa, kila nikifika hapo kwenye hadithi hunyamaza kidogo.

Mwaka 1468 majirani wakamjengea kanisa dogo na kijumba cha mbao kimegusana nalo. Nimekiona. Dari iko chini, mlango unakuinamisha utake usitake. Kuna kidirisha cha kutazama altare, na madirisha ya kutazama nje, ambako watu walipanga foleni wakitaka ushauri. Habari iliyomvumisha ni kwamba alikaa miaka hiyo yote bila chakula ila Komunyo. Serikali ya Obwalden, jimbo lake, haikuimeza tu. Iliweka walinzi wamchunguze.

Ila kwangu muujiza wake ni wa Stans. Desemba 1481 majimbo ya Uswisi yalikuwa yamekosana vibaya, ya mijini na ya vijijini, karibu washikane silaha. Usiku, paroko wa Stans, Heini am Grund, akashuka Ranft kumuuliza mzee, kisha akarudi mbio kuwazuia wajumbe waliokuwa wameshaanza kutawanyika. Alichowaambia hakikuandikwa. Kilichoandikwa ni makubaliano ya siku hiyo hiyo, tarehe 22, na Fribourg na Solothurn zikapokelewa katika shirikisho. Mwaka uliofuata Ndugu Klaus aliwatumia watawala wa Bern barua, kwa mkono wa mwandishi, yenye maneno ambayo Waswisi wanayajua mpaka leo: amani iko kwa Mungu daima, kwa kuwa Mungu ndiye amani.

Papa Pius XII alimtangaza mtakatifu mwaka 1947. Wazee wa Mahenge na Dar es Salaam waliolelewa na mapadre Wakapuchini wa Uswisi, waliofika Tanganyika mwaka 1921, huenda walimsikia zamani kuliko mimi.

Kumbukeni pia Dorothea. Mwaka 1474 alifika msafiri Mjerumani, Hans von Waldheim, akaonana naye huko Ranft, Dorothea amekuja na yule kitinda mimba. Msafiri akaandika kwamba ni mwanamke kijana bado, hajafika 40, uso mzuri. Akamuuliza mumewe amemwacha tangu lini. Dorothea hakutaja mwaka. Alimwonyesha mtoto, akahesabu kwa umri wake.

Kwa hiyo salamu zangu za mwaka huu zinaanza na ninyi mliobaki: mama, dada zangu, na shemeji zangu mnaohesabu miaka yetu ya ughaibuni kwa urefu wa watoto. Nimewasha mishumaa miwili kule bondeni, mmoja wa Klaus, mmoja wa Dorothea. Kisha nikaanza kupanda. Kushuka kulikuwa rahisi. Kupanda nilisimama mara tatu kuvuta pumzi, na sikuwa nimebeba mtoto.

Heri ya sikukuu. Jumapili nitapiga simu, mama awe karibu.