Namba ya 1975 haijui masika ya Jangwani

Mhariri,

Ile makala yenu ya programu za kupanga njia za magari ya mizigo, kwamba namba zake zikishawekwa basi kazi imekwisha, nimeisoma mara mbili. Miaka tisa nanunua gazeti hili sijawahi kuwaandikia. Leo hapana.

Nasambaza soda Dar es Salaam, ghala langu liko mtaa wa Gerezani. Programu yangu hutumia algoriti za mageuko, yaani hesabu zinazoiga jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi: huanza na kundi la njia, huchanganya zilizo nzuri, hugeuza vipande kwa bahati nasibu, kisha huchuja. Ugeuze kwa kiasi gani? Hiyo ndiyo parameta, namba anayoipanga mtu. Aliyeniuzia aliweka 0.001, yaani nafasi moja kwa elfu, akaniambia ni namba ya wataalamu. Kweli, ni ya mtafiti De Jong wa Marekani, mwaka 1975, kwa mafumbo yake matano ya hesabu! Mwaka 1986 mtafiti mwingine, Grefenstette, akaja na 0.01, mara kumi yake. Hakuna hata mmoja aliyepimia Manzese.

Kiangazi mambo yalikwenda. Masika ikaja, bonde la Jangwani likajaa maji, kijana wangu wa ofisini akaiambia kompyuta kwamba kupita pale sasa ni gharama kubwa. Wapi! Njia zote kwenye kundi zilishafanana kama mapacha, na kwa kugeuza kiduchu namna ile hakuna iliyoweza kuchomoka. Saa nne asubuhi Fuso imesimama ukingoni mwa maji, kreti zimejaa hadi juu, dereva ananipigia: "Bosi, karatasi inasema nipite hapahapa." Nami ndiye niliyemkanya asijiamulie njia. Wateja wa Magomeni walinunua kwa mwingine siku hiyo, na wawili hawajarudi.

Mjerumani Rechenberg, naye mtafiti wa algoriti za namna hii, alishasema 1973: majaribio ya kugeuza yakifaulu zaidi ya moja kwa tano, ongeza ukubwa wa hatua ya kugeuza, yakifaulu chini ya hapo, upunguze. Kanuni hiyo isingeniokoa mimi, najua. Langu lilihitaji kugeuza kuongezwe kundi linapoanza kufanana. Lakini angalau yeye alijua namba hurekebishwa kazi ikiendelea. Taa za makutano ya karibu na kwangu nazo hazijui: sekunde zilezile alfajiri na saa kumi na moja jioni, mpaka aje askari na filimbi.

Mwandishi wenu namkaribisha. Akae katikati kwenye Fuso, Gerezani hadi Kimara, siku ya mvua, na dereva nitamwagiza aweke gia ya nne mara moja, asiiguse tena. Soda juu yangu.

Msambazaji, Gerezani