Hizo setilaiti hazioni almasi

Yellowknife, Kanada
11 Februari

Ndugu yangu Baba Neema,

Ujumbe wako nimeusoma ofisini nikacheka hadi watu wakanigeukia. Ati kuna kijana anazunguka machimboni huko Shinyanga anauza picha za setilaiti, na kila palipo na rangi nyekundu anawaambia wachimbaji pana almasi? Mwambieni arudishe pesa za watu.

Hata almasi za huku hakuna setilaiti iliyoziona. Wanajiolojia Chuck Fipke na Stewart Blusson walihangaika miaka wakichota mchanga na kuuchekecha, wakisaka ganeti na vijiwe vingine vinavyotoka mwamba mmoja na almasi. Zamani sana, barafu nene ilipita nchi hii ikaukwangua ule mwamba, ikaburuta vijiwe vyake mbali upande wa magharibi. Wao wakafuata nyayo kinyumenyume hadi karibu na ziwa Lac de Gras, na 1991 wakachoronga wakakuta kimbalaiti, ndio huo mwamba wa almasi, chini ya ziwa dogo la jirani. Si ajabu kuikuta ziwani: kimbalaiti ni laini kuliko miamba inayoizunguka, barafu ikaichimba zaidi, shimo likajaa maji. Kwenu Mwadui naye Williamson aliipata 1940 bila picha yoyote ya setilaiti. Tena alikuwa Mkanada, kwa hiyo na mimi kuja huku hakuna anayemdai mwenzake.

Najua unachotaka kuuliza: sasa wewe msoma picha za setilaiti unalipwa kwa lipi? Kwa barabara, ndugu yangu.

Mgodi wa almasi wa Diavik uko kama kilomita 300 kaskazini-mashariki ya mji huu, mgodi wa Ekati ni jirani yake, na barabara ya kudumu hakuna. Kiangazi ni maji ya maziwa kila upande. Baridi ikishika, hutengenezwa njia juu ya maziwa yaliyoganda. Ikifunguliwa leo, miezi miwili hivi baadaye imekwisha. Dizeli, saruji, matairi, vyote vya mwaka mzima vipite humo. Mwaka 2006 baridi ilikuwa dhaifu, njia ikafungwa mapema, migodi ikabidi iletewe mafuta kwa ndege. Wewe uliyewahi kusimamia bajeti ya jenereta, piga hesabu hiyo.

Ndipo rada inapoingia. Kamera ya kawaida angani inataka jua na anga safi. Huku Desemba mwanga ni saa tano tu kwa siku, na Inuvik kule juu jua halichomozi kabisa kwa karibu mwezi mzima. Rada hutuma mawimbi yake yenyewe, giza na mawingu haviizuii. Kanada ilirusha setilaiti yake ya rada, RADARSAT ya kwanza, 1995, ya pili 2007, na 2019 zikapelekwa tatu kwa mpigo.

Kinachonifurahisha mimi ni hiki. Barafu isiyolowa, ya maji yasiyo na chumvi, hupitisha wimbi la rada kama kioo kinavyopitisha mwanga. Chini yake kukiwa na maji, wimbi linagonga maji na kurudi, ziwa linang'aa kwenye picha. Barafu ikiwa imeganda hadi kwenye tope la chini, wimbi linapotelea humo, pale panakuwa peusi. Kwa hiyo nakaa kitini na chai yangu, nje nyuzi 35 chini ya sifuri, nawaambia watu ziwa lipi bado lina maji ya kuchota, na lipi samaki wanaweza kupitisha baridi.

Unene wa barafu siwaambii. Huo unapimwa palepale, kwa rada nyingine ndogo inayokokotwa juu ya barafu, na kwa kutoboa. Lori lenye shehena kamili linataka kama mita moja, na haliruhusiwi kuzidi kilomita 25 kwa saa. Likikimbia linasukuma wimbi kwenye maji ya chini, wimbi linatangulia na kuipasua barafu karibu na ukingo. Ufa kama ule picha zangu hazinionyeshi. Wazee wa Kidene, wenyeji wa asili wa huku, waliovua kwenye maziwa haya tangu utoto wanajua wapi mkondo unakula barafu kwa chini, na mahali walipokataa sijathubutu kupitisha mstari, hata rada iking'aa vipi.

Sasa lile uliloniuliza, kama setilaiti inaweza kuona ukuta wa bwawa lenu la tope la mgodini ukititia, hilo ndilo swali la kweli. Rada inaweza kupita mahali palepale mara nyingi, ukilinganisha picha mbili unaona ukuta uliotitia hata kwa sentimita chache. Huku tunatazama hivyo udongo ulioganda unapoanza kuyeyuka chini ya barabara na majengo. Picha za Sentinel-1, setilaiti za rada za Ulaya, ni bure. Huko hazipiti mara nyingi kama huku karibu na ncha ya dunia, ila masika na mawingu yake hayazizuii. Nyasi na vichaka ndivyo vitakavyotusumbua, kwa hiyo niambie ukuta wenu umefyekwa au la. Nitumie na vipimo vya mahali, pamoja na tarehe mlipoongeza kimo cha ukuta mara ya mwisho, nianze kupakua Jumamosi.

Shemeji mwambie dagaa walifika. Nimewakaanga usiku, jirani akagonga mlango kuuliza kama kuna kitu kinaungua.

Wako,
Baba Salome