Kopi ya kitambulisho imefungiwa karanga

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mi nina steshenari huku Nyegezi, tunachapa, tunatoa kopi, tunajazia watu fomu onlaini na pembeni nafanya uwakala wa kutuma na kutoa hela. Jumapili nimeshuka Mwaloni Kirumba kuchukua dagaa, nikanunua na karanga za mia tano, nilipozimaliza nikakunjua ile karatasi ndo nakuta ni kopi ya kitambulisho cha NIDA cha mama mmoja, sura inaonekana kabisa, namba yote iko pale, na chini namba ya simu kwa peni nyekundu. Mwandiko ni wa kijana wangu wa dukani.

Karatasi zilizoharibika huwa tunaziuza kwa kilo, sikuwahi kukaa nikafikiria ndani ya hizo kilo kuna nini. Nikampigia yule mama nimuombe radhi, hata salamu hatujamaliza akaniuliza, "Namba yangu umeitoa wapi mwanangu?" Nilikosa jibu.

Basi nikarudi dukani nikafungua kompyuta. Vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya form four, fomu za wanafunzi walioomba mkopo wa chuo tangu mwaka juzi, vyote vimekaa humo kwa majina yao, na pasiwedi za wengine kompyuta imezihifadhi yenyewe, yani yeyote akikaa pale anaingia. Halafu daftari la uwakala, jina, namba, kiasi, sahihi, mteja anayefuata anasaini huku anasoma waliomtangulia wote. Mabinti wanasumbuliwa na meseji za watu wasiowajua, wazee wanatumiwa zile za "ile hela tuma kwenye namba hii", na sisi tunashangaa namba zinatokea wapi.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, Tume ya kuisimamia nayo Rais Samia akaizindua Aprili 2024. Sheria hiyo inamgusa yeyote anayekusanya taarifa za watu, inataka ujisajili, uchukue kile tu unachokihitaji kwa kazi uliyoombwa na usikae nacho kazi ikishaisha. Ukitoa taarifa za mtu kinyume cha sheria, faini inaweza kufika milioni 20 au jela hadi miaka 10. Mi nimeijua baada ya zile karanga, na nina leseni ya biashara kabisa na kila mwaka naenda kuilipia.

Mi nimeshaanza. Kopi mbovu nazichoma mwenyewe jioni, faili la mteja nalifuta akiwa bado amesimama hapo anaona, na daftari nimekata boksi gumu linafunika mistari ya juu. Wenzangu wa steshenari hivi havina gharama, tuvifanye.

Ila Tume nayo ishuke huku kwetu, isiishie kwenye mabenki na makampuni ya simu. Afisa biashara tunakutana naye kila tukienda kulipia leseni, wampe karatasi moja ya Kiswahili chepesi atugawie, inayoeleza steshenari au wakala anajisajili wapi, kwa shilingi ngapi, na kopi ya mteja akae nayo siku ngapi.

Mwenye steshenari,
Nyegezi, Mwanza